Kwa nini sisogezi mstari kwenye chati: sufu nyekundu ya Mama, Carama wakati wa vita

Wakuu, heshima zenu wote mlioko macho.

Leo sina siasa wala mapenzi. Nina kisa cha mstari. Ndiyo, ule mstari unaokatiza chati kutoka kushoto kwenda kulia. Kilitokea nyumbani kwetu na mimi nilikuwepo, nikiongeza chumvi mods wafunge uzi.

Wavivu wa kusoma piteni pembeni kwa amani, muhtasari sitoi.

Kilichonileta ni hiki. Juzi kazini bosi kasimama nyuma ya kiti changu anaangalia dashibodi ya mauzo. Nguzo zote zilikuwa chini ya mstari wa lengo. Akasema kwa sauti tamu, "Dada, huo mstari si uushushe kidogo? Tupendeze kwenye kikao."

Nikamwambia siushushi. Akacheka, akadhani natania. Nikarudia, safari hii ofisi nzima ikageuza viti.

Mstari tu, jamani! Wenzangu wakaniuliza nimekula nini. Sikuweza kuwaeleza pale, maana jibu liko mbali, liko Bujumbura, kwenye ukuta wa chumba kimoja huko Carama.

Basi vuteni viti.

Carama iko kaskazini mwa mji, pale nyumba zinapoishia na mashamba kuanza. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala juu ya mpunga, na ukiondoka unaona milima ya Congo ng'ambo ya pili, imekaa kimya kabisa, kama vile haijasikia lolote. Mpaka leo nikiota nyumbani naota ule ukungu. Hata vita vyenyewe navikumbuka hivyo, kama maneno ya watu wazima chumba cha pili wakati mimi nasinzia.

Papa (kwetu Buja baba ni papa, msianze kuniletea utani wa samaki) alikuwa mtumishi wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuchora chati za mavuno ya kahawa. Kwa mkono, wakuu. Karatasi ya miraba midogo midogo, rula, na penseli iliyochongwa kwa wembe.

Alikuwa na swali lake moja. Ukimwonyesha nguzo ndefu kwenye chati, anauliza, "Ndefu kuliko nini?" Bila mstari wa kupimia, alisema, hiyo ni picha tu, tundika sebuleni ufurahie.

Vita vilipoanza kusogea mtaani kwetu, kuna waliochimba mashimo uani, kuna waliopeleka watoto kwa ndugu. Papa yeye alibandika karatasi ukutani.

Msicheke. Kila mtu na namna yake ya kuogopa.

Jioni tukishafunga mlango anasikiliza milio ya bunduki. Asubuhi kabla ya chai anachora nguzo ya jana. Milio mingi, nguzo ndefu. Mlio wa karibu alikuwa anauhesabu mara mbili. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, kazi yangu ni kushika rula isicheze, na niliiona kazi kubwa kweli.

Sasa mstari wenyewe. Siku ya kwanza kabisa Papa na Mama walikaa wakakubaliana. Mama alikuwa na mimba changa, ameanza kufuma kofia ya mtoto kwa sufu nyekundu. Papa akakata kipande cha ile sufu, akakivuta juu ya karatasi, pini huku na pini huku.

"Nguzo ikipita hapa," akasema, "hakuna kujadiliana. Tunafunga mulango, tunaenda Kibenga."

Kibenga ni kusini, kando ya ziwa, na ndiko alikokuwa mama mdogo, ndugu yake Mama. Kule kulikuwa kumetulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake palepale chini ya chati. Akanyoosha mkono, akaigusa sufu kwa ncha ya kidole.

"Haya. Mi nakubali."

Shauri zima lilikuwa hilo. Tuondoke kabla tumbo halijawa zito na kabla njia haijafungwa. Kuamua, tuliuachia mstari.

Mimi ule mstari niliupenda ajabu. Ulikuwa mkabala na kitanda changu, na kwa akili yangu ya kitoto niliamini wenyewe ndio uliokuwa unazuia bunduki. Milio ikianza huko mbali natazama sufu, naona imenyooka, nafumba macho. Nilikuwa nalala vizuri, Mungu anisamehe.

Nguzo zikawa zinapanda pole pole.

Ikafika asubuhi nguzo ikagusa sufu. Papa akaitazama muda mrefu, penseli mdomoni. Halafu akasema, "Hii ya jana ni upepo. Upepo ndio umeleta sauti."

Akachomoa pini, akaipandisha sufu juu kidogo.

"Tulichora tukiwa na woga mwingi," akaniambia, kama vile mimi ndiye nilikuwa namuuliza. "Sasa tumezoea. Hata kuku hawashtuki tena."

Na kweli kuku hawakuwa wanashtuka. Bomu likilia bondeni wao wanaendelea kuparua. Mimi nikaona sawa kabisa, mstari ukiwa juu basi nafasi ya amani chini yake imekuwa kubwa.

Hapa nisimame kidogo. Mzee wangu hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, miaka na miaka. Na siku zile ukiacha nyumba, ukirudi hukuti hata bawaba za mlango. Mtu akipenda kitu hakosi sababu ya kubaki nacho. Mimi sijawahi kumlaumu, namwelewa mpaka inaniuma.

Akaipandisha tena. Na tena. Karatasi ikaisha kwa juu, akabandika nyingine juu yake. Tumbo la Mama nalo linakua. Tunakula ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, chini ya ile chati, tunacheka, tunapitishiana chumvi.

Pale mwanzo wa njia yetu alikuwa anakaa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, muuza mawese. Kila asubuhi mlango wetu ukifunguliwa tu anapaza sauti.

"Papa Aline! Mungali?"

"Tungali!" anajibu Papa.

Naye anacheka, anaendelea kupanga chupa zake. Aline ni mimi. Nilidhani ile ni salamu tu kama salamu nyingine.

Sasa asubuhi moja, ukungu umejaa mpaka mlangoni, Mama alikuwa anamalizia kofia. Kilichobaki ni ukingo tu, na sufu imeisha. Siku zile nani angeshuka sokoni kutafuta sufu?

Akacheka. "Papa Aline, leo nitaiba mustari wako, nimalizie kofia ya mutoto."

Akanyoosha mkono kutoka kwenye kigoda. Kidole kikagota kwenye karatasi tupu. Akainuka nusu, tumbo likagusa ukuta. Bado. Akasimama kabisa, akanyanyuka kwa vidole vya miguu.

Bado.

Kicheko kikakauka mdomoni.

"Papa Aline. Huu mustari mi niliugusa nikiwa nimekaa."

Papa akakohoa. "Ni karatasi iliongezeka..."

Mama hakumsikiliza. Alikuwa anapitisha kidole kwenye karatasi, kutoka chini kwenda juu. Kulikuwa na matundu ya pini. Tundu juu ya tundu, huku na huku. Alikuwa anayapapasa pole pole, ungedhani anamchana mtoto nywele.

"Vita haikupunguka," akasema. Hakupaza sauti hata kidogo. "Ni weye umepandisha."

Kisha akanigeukia. "Aline, panda kiti. Ishushe."

Nikapanda. Nikachomoa pini, nikashuka na ile sufu, nikaichomeka kwenye matundu ya kwanza kabisa, yale ya chini. Nikarudi nyuma kuangalia.

Wakuu, nguzo zote zilikuwa zimepita. Siyo ya jana peke yake. Ya jana, ya juzi, za wiki na wiki huko nyuma, zote zimesimama juu ya sufu, na sufu imelala kule chini miguuni mwao. Hatukuwa tumekaribia mstari. Tulikuwa tumeuvuka zamani, tunakula ugali upande wa pili.

Ndipo niliposikia woga kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile sikuogopa, nikaogopa asubuhi hiyo, kumekucha, hakuna hata mlio mmoja.

Papa akakaa sakafuni. "Tulipashwa kuwa tumekwisha kwenda," akasema, na akaanza kulia. Sikuwahi kumwona analia.

Mama akamshika kichwa. "Utalia mu njia. Simama."

Basi tukaondoka. Godoro, sufuria, mfuko wa kufuma. Mama akachomoa ile sufu akaisokota kidoleni. Papa akafunga mlango, akautikisa, akaufunga tena, akaweka ufunguo mfuko wa shati.

Mama Furaha alituona tukitoka kwenye ukungu na godoro kichwani. Siku hiyo hakuuliza kama tungali. Alisimama, akaanza kutia chupa zake kwenye beseni.

Safari siikumbuki vizuri, nakumbuka vipande vipande. Mgongo wa Papa. Harufu ya moshi wa kuni. Dereva wa pikapu aliyemweka Mama mbele bila kuulizwa. Halafu ziwa likatokea upande wa kulia, pana, limetulia, na mstari wake wa mwisho umenyooka kabisa. Nikaliangalia mpaka nikasinzia. Huo mstari hakuna mtu wa kuupandisha.

Kabla juma hilo halijaisha, mapigano yaliingia njia yetu. Siwezi kueleza zaidi, sikuona. Tuliporudi kuangalia, baada ya muda mrefu, ukuta ulikuwepo lakini paa hakuna, na mahali pa chati mvua ilikuwa imefanya kazi yake.

Mdogo wangu alizaliwa Kibenga, mzima, mwenye kelele. Kofia ilimtosha.

Alipokuwa bado mchanga, mgeni akabisha hodi. Ni Mama Furaha, na chupa ya mawese kwa mzazi. Nao walikuwa wamepata hifadhi upande ule. Akambeba mtoto, akambariki, akakaa, akapewa chai. Halafu akamgeukia Papa.

"Papa Aline, nilikuwa nakutafuta nikuambie aksanti."

Papa akashangaa. "Aksanti ya nini?"

"Sisi hatukuwa na mambo ya kuandika ku karatasi. Njia yote ile tulikuwa tunaangalia mulango yenu tu. Weye ni mutu wa serikali, unajua vitu. Kila asubui naita: mungali? Ukijibu mungali, naambia wengine, na sisi tunabaki. Ile siku muliondoka, njia yote ikaondoka nyuma yenu. Hakuna mutu alibaki."

Alisema kwa furaha kabisa, anamrusharusha mtoto.

Papa akaweka kikombe chini. Nilimwona uso ukimbadilika. Njia nzima ilikuwa inajipima kwetu, wakuu. Mstari wao ulikuwa sisi. Kila pini aliyopandisha ndani ya chumba chetu, alikuwa anawapandishia na wao, bila wao kujua, bila yeye kujua.

Akatoka nje, akasimama anaangalia ziwa. Hakuna aliyemfuata.

Mama akabaki anaishikashika ile kofia. Akasema kwa sauti ndogo, nadhani kwa nafsi yake, "Na kama sufu ingetosha?"

Mpaka leo hatujampa jibu.

Basi ndiyo sababu, wakuu. Ndiyo sababu mtu akiniambia shusha kidogo, pandisha kidogo, tupendeze, mkono unakataa. Mstari unawekwa wakati kichwa kimetulia ili ukusaidie wakati kichwa hakijatulia. Ukiona lazima usogezwe, sawa, dunia inabadilika, lakini muusogeze mkiwa wote mezani, na ule wa zamani uuache hapohapo, hata kwa rangi hafifu, ili watu waone umetoka wapi. Matundu ya pini ndiyo yaliyotuokoa. Kompyuta haziachi matundu.

Kuhusu bosi: chati ilienda kikaoni na mstari wake palepale. Hatukupendeza. Kazi bado ninayo, ila salamu zake zimepoa.

Kofia anayo mdogo wangu. Siku hizi ni mama wa watu, hapendi niishike ovyo. Ukiangalia ukingoni, ile sufu ya ukutani imefifia kuliko nyingine.

Jukwaa ni lenu sasa. Kama ulikuwa Buja miaka ile, tusimulie mlikuwa mnapima kwa kitu gani. Kama unachora chati, sema umewahi kuombwa nini. Na kama unaona haya makubwa hayakuhusu, jiulize tu kabla ya kufunga ukurasa, ni nani kwenye njia yenu anaangalia mlango wako.