Akiita Mtu Shujaa

Leo nimeitwa shujaa, nikaogopa.

Wiki hii nzima nawasomea wenzangu, wachimba kisima hapa Takaba, riwaya ya vita vya kale. Mfalme wake ana neno moja tu la sifa: shujaa. Nurow, mwenyeji tunayechimba naye, ndiye aliyeng'amua.

"Wallahi, huyu akiita mtu shujaa, ukurasa unaofuata mtu huyo amekufa!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Leo asubuhi kuta za kisima zilianza kumomonyoka. Msimamizi akanishika bega.

"Shuka, shujaa wangu."

Nikakataa.

Akamgeukia Nurow, baba wa watoto watano. "Basi shujaa ni wewe."

Nurow akanitazama, akacheka peke yake, akajifunga kamba.

"Walaal, ndugu yangu, usisome mbele bila mimi."

Mchanga ulimfunika kabla ya adhuhuri; tulipomfukua alikuwa amekufa. Alasiri tukamzika, maana hapa maiti hailazwi hadi kesho. Msimamizi akasimama kaburini, akasema tumempoteza shujaa.

Niambieni ukweli, jamani. Kukataa kwangu ndiko kulikomuua?

Kitabu ninacho hapa, ukurasa wetu nimeukunja. Sijasoma mbele.