Dkt. Nekesa Hakubadilisha Ripoti

Bado nashika simu nikuandikie "umefika?" halafu nakumbuka. Wiki imeisha, Nekesa, na akili yangu imekataa kabisa.

Kwa msiomjua: Dkt. Nekesa alikuwa daktari wa magonjwa ya akili hapa Toronto. Mimi ni nesi wa wodi yake na rafiki yake wa miaka tisa. Moyo ulisimama akivaa buti aende kazini.

Kile kitabu kinene cha kuainisha magonjwa ya akili alikijua kuliko wote. Pembeni mwa kurasa aliandika kwa penseli: "Hapa muulize dada ya mgonjwa kwanza."

Hakukichukia. Alisema kinasaidia madaktari kuelewana. "Lakini Rose, hiki kitabu hakijawahi kufiwa."

Kwenye rounds za asubuhi, tukijadili wagonjwa, walimcheka. "Just pick a code, Doctor," bosi wetu wa wodi alimwambia, yaani achague tu namba ya ugonjwa kitabuni, "this is not a village meeting." Wengine wanaangalia kahawa zao. Nawakumbuka mmoja mmoja.

Kisha akaletwa mama mmoja, simtaji, aliyekuwa akiongea na marehemu mamake huku akipika. Bosi alikaa naye dakika kumi, akamtia code ya wazimu. Watoto wake wakachukuliwa na ustawi wa jamii.

Nekesa alikaa kando ya kitanda, akamuuliza kwa Kiswahili: "Mlimzika lini mama?" Aki alilia yule mama! Hakwenda mazishini, karatasi zake za uhamiaji zilikuwa hazijatoka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nekesa akaandika: huyu anaomboleza, si mgonjwa. Akaambiwa abadilishe ripoti. Akakataa. Wiki iliyofuata wakamhamishia kliniki ya Pickering, nje ya mji, akawa anaendesha gari kwenye theluji bila kulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake.

Leo bosi ameweka mtandaoni picha ya Nekesa, "our beloved colleague," na kamshumaa. Beloved wa nani? Futa!

Alhamisi mahakama inaamua kama wale watoto watarudi kwa mama yao. Nekesa ndiye alikuwa aende kueleza. Bosi, najua ulishusha pumzi uliposikia hatakuwepo.

Lakini ile email ya kumlazimisha abadilishe ripoti, uliniweka CC. Umesahau. Wakili wa yule mama anayo tangu jana, na Alhamisi nitasimama mimi, niisome polepole ukiniangalia.

Nataka uaibike. Hilo bado sijamwomba Mungu anisamehe.

Lala salama, dada yangu. Hao niachie mimi.