Kadi Isiyomngoja Askari

Trinah Mukandekezi ni fundi cherehani wa mtaa wa Niboye. Alikulia Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake waliishi kama wakimbizi, na hadi leo akikasirika Kinyarwanda humkimbia, anabaki na Kiswahili cha kule. Mumewe, Sajini Hirwa, ni askari. Wana mtoto mmoja, Kaliza, mwenye ugonjwa wa pumu.

Mwaka ule Hirwa alipelekwa Afrika ya Kati kulinda amani. Alikuwa na miezi minne huko wakati kifua cha Kaliza kilipobana asubuhi moja kabla ya shule. Trinah alipanda naye pikipiki hadi hospitali, akatoa kadi ya matibabu ya familia. Karani akaigeuza, akamrudishia. Muda wake ulikuwa umekwisha siku sita zilizopita.

Mtoto alikaa kwenye benchi akihema kwa mabega hadi muuguzi mmoja alipopita, akamwona, akamwingiza ndani bila kuuliza kadi. Kaliza alipona. Mama yake ndiye hakutulia. Siku ya pili alikwenda kwenye ofisi ya kadi, akaelezwa kwa upole kabisa kwamba kadi huhuishwa na askari mwenyewe, afike na kutia sahihi mbele yao.

"Yuko Bangui," Trinah akasema.

"Basi akirudi, mama."

Alirudi kwenye cherehani yake akawasimulia wateja. Ndipo akagundua kwamba hakuwa peke yake. Jirani yake Ariane alijifungua huku kadi yake imekwisha na mumewe akiwa safarini. Twagirayezu, dereva wa lori kule Masoro, alikuwa na shida iyo hiyo kinyume chake: mkewe ndiye askari, naye kila alipofika dirishani aliulizwa mwenye kadi ni nani.

Trinah aliwaomba waandike yaliyowapata, kila mtu kwa maneno yake, ukurasa mmoja tu. Wengi walikataa. Waliogopa kwamba maneno yao yatawaharibia wenzi wao kazini. Hata Hirwa, alipopata nafasi ya kupiga simu, hakupendezwa. Alimwambia mambo ya jeshi hayazungumzwi barabarani.

"Sizungumzi mambo ya jeshi, Baba Kaliza," Trinah alimjibu. "Nazungumzia kifua cha mtoto wako."

Hirwa akamwambia ampe siku mbili. Siku ya tatu ukaja ujumbe: alikuwa amewauliza wenzake kambini, na kumi na mmoja kati yao walitaka familia zao ziandike. Alimtumia majina na namba za simu.

Hapo mambo yakabadilika. Watu wakaanza kumtafuta wenyewe, wengine kutoka Kimisagara, na mwanamke mmoja alipanda basi kutoka Musanze na karatasi yake mkobani. Ndani ya wiki saba Trinah alikuwa na kurasa arobaini na tatu. Alizisoma zote, akaona mambo yaliyojirudia, akaandika ombi fupi lenye mambo mawili. Kwanza, kadi ya familia isife askari akiwa nje ya nchi. Pili, kabla ya kuondoka, askari atie sahihi fomu inayompa mwenziwe ruhusa ya kushughulikia kila kitu kwa niaba yake.

Katika mkutano wa umuganda wa mwezi ule, ile siku ya kazi ya pamoja ya mtaa, baada ya usafi, mgeni kutoka makao makuu ya jeshi aliuliza kama kuna mwenye swali. Trinah alisimama na jembe lake mkononi, akasoma ombi lake, akampa nakala pamoja na zile kurasa arobaini na tatu.

Wiki mbili baadaye wakaitwa makao makuu, yeye, Ariane na Twagirayezu. Aliyewapokea alikuwa Kanali Bayingana, msimamizi wa ustawi wa familia za askari. Alikuwa amezisoma kurasa zote. Kwenye kadhaa alikuwa ameandika pembeni kwa penseli. Hata hivyo alikuwa na shaka. Aliuliza itakuwaje mke aliyekwisha kuachana na askari akiendelea kutumia fomu ile.

"Afande, askari ataweza kuifuta wakati wowote kwa barua," Trinah akasema. "Lakini sasa hivi, kwa kumhofia mmoja atakayedanganya, mnawafungia mlango wote wanaosema kweli."

Kanali aliandika. Twagirayezu akainua mkono, akaomba kwamba popote palipoandikwa "mke" paandikwe "mwenzi", kwa sababu yeye hawezi kuwa mke wa mtu. Kanali alicheka hadi akavua miwani, akasahihisha kwa mkono wake.

Ilichukua miezi minane. Kisha utaratibu mpya ukatoka, na mambo yote mawili yalikuwemo, pamoja na neno la Twagirayezu.

Kikosi kilichofuata kilipokuwa kikijiandaa kusafiri, familia zilialikwa ukumbini, na kanali akataka Trinah ndiye aeleze fomu. Alipanda jukwaani akiwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Alieleza kwa Kinyarwanda, akarudia kwa Kiswahili kwa waliokulia Tanzania na Kongo. Aliposema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto atakayerudishwa kwa sababu mzazi wake yuko kazini nje ya nchi, akina mama walisimama na vigelegele vikajaa ukumbi. Hirwa, aliyekuwa amerudi mwezi mmoja kabla, alikuwa nyuma kabisa amembeba Kaliza mabegani, akipiga makofi kuliko wote.

Fomu mia tatu na kumi na mbili zilijazwa kabla ya saa sita mchana. Trinah alizifunga kwa kamba, akamkabidhi kanali, akamwuliza ni lini watakaa kuzungumzia watoto wanaohamishwa shule katikati ya muhula kila mzazi anapobadilishiwa kambi.

Kanali alitoa kalenda yake mfukoni.

"Jumanne inakufaa?" akauliza.