Huku Kula Si Lazima

Mimi ni mtoto wa Kirumba, hapa Mwanza, na huko nilijua drafti kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Tulicheza kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha ubao, na sheria moja haikuwa na mjadala: kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa vibaya mbele yako, unaila. Hata ukijua ni mtego, unaila, unasikitika, mnaendelea. Ukijifanya hukuiona, wote waliosimama nyuma yako wanakuzomea kama mwizi. Nimekua hivyo, nimeoa hivyo, na ndivyo nilivyokuwa siku mama mkwe wangu aliposhuka kwenye meli ya Bukoba akiwa na mkongojo, mkungu wa ndizi na sanduku la chesi.

Alikuja kutibiwa goti. Alianguka kwenye migomba yake huko Kagera, anakoishi peke yake, akalala chini mpaka jirani aliyekuja kuazima panga alipomkuta. Mke wangu akaapa kwamba mama yake harudi kule mpaka goti lipone. Daktari naye akasema dawa kubwa ni kutembea, kidogo kidogo, kila siku. Sasa mama alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, na katika maisha yake yeye ndiye aliyekuwa akitoa kazi za nyumbani, si kupewa. "Nimetembea tangu nikiwa mtoto," akamwambia binti yake. "Kama kutembea kunatibu magoti, hili lingekuwa chuma." Akakaa kwenye kiti changu, kile kinachotazama televisheni, na hapo akabaki.

Jambo la pili lililomkera ni kwamba hakuwa na mtu wa kucheza naye. Mke wangu akiona ubao wa mchezo wowote anapiga miayo. Nikabaki mimi, na mimi nilikuwa na tatizo. Kwetu Wasukuma, kama nilivyolelewa na baba yangu, mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe. Ukikutana naye njiani unapinda. Ukimkuta sebuleni unatoa shikamoo ukiwa mlangoni, macho yako yakiwa darini, kisha unakumbuka una kazi nje. Wahaya nao wana heshima zao, ila zinawaruhusu kukaa meza moja.

"Kwani atakuuma?" mke wangu akauliza.

"Ni heshima."

"Heshima gani ya kumkimbia mtu mzima mwenye goti moja?"

Mama ndiye aliyetoa suluhisho, kwa sauti ya darasani, kutoka sebuleni. Ubao ukae mezani. Yeye akishacheza atagonga mkongojo sakafuni, kisha atatoka kwenda barazani. Mimi niingie kwa mlango wa jikoni, nicheze, nikohoe, nirudi jikoni. Hivyo hakuna atakayemwona mwenzake, na mizimu ya mkwe wake italala salama. Tukaanza hivyo. Nilikohoa sana wiki ile, hata jirani akanishauri nikapime kifua.

Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Alinivuta nyuma ya jokofu akaninong'oneza, "Anatembea! Kila akicheza anatoka barazani na kurudi. Usimwambie." Nikaelewa kwamba mchezo ule sasa ni matibabu, na kwamba mimi ndiye dawa.

Bahati mbaya nilikuwa dawa dhaifu. Kwenye kikaratasi cha sheria kilichokuwa sandukuni nilishajifunza kila kete inavyokwenda, lakini mkono wangu ulikuwa bado Kirumba. Mama akiacha askari peke yake, namla. Akiacha askofu, namla na kutabasamu. Nikirudi jikoni, mkongojo unagonga kabla sijapiga funda la chai, na nikiingia namkuta malkia wangu hayupo tena. Siku moja nilimla farasi wake kwa furaha kubwa, nikakohoa kwa madaha, nikasikia sauti kutoka sebuleni: "Mwambie mumeo huku kula si lazima."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema huku kula si lazima."

"Nimesikia."

Kusikia nilisikia. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma, na mimi nilikuwa nakufa kila jioni, tena haraka. Mama akachoka. Mtu akishinda upesi hatembei sana, na wala hapati raha. Jumatano akatangaza kwamba Jumamosi anapanda meli. "Kumfunga mumeo," alisema, "ni kazi ya kumvuta mbuzi kwa majani. Mimi sikuja Mwanza kuchunga." Akamwagiza binti yake akate tiketi, na mke wangu akaikata huku analia, kwa sababu agizo la mama halikataliwi. Usiku akaniambia, "Akirudi na goti hilo ataanguka tena. Mara hii huenda hakuna atakayekuja kuazima panga." Sikulala vizuri. Nilimwogopa mama yule, nilikitaka kiti changu, na wakati huohuo nilimwona amelala chini ya migomba anaita.

Kesho yake nilikuwa Mwaloni, kwenye soko la samaki. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu, na wauza samaki ndio wateja wangu wakubwa. Nilipokuwa nafunga vifaa nikamwona korongo mmoja, wale wenye vipara na vifuko shingoni, amesimama kati ya mabeseni mawili ya sato. Mwenye samaki alimrushia utumbo mbali kidogo ili aondoke. Korongo akautazama utumbo, hakusogea. Alibaki palepale katikati, kimya, kama mzee wa kanisa anayesubiri sadaka. Mama wa samaki akafunika beseni la kulia kwa khanga. Korongo akachukua sato wa kushoto akaruka.

Nilipiga kelele ya furaha. Yule mama akanitukana, akaniuliza kama ndege yule ni shemeji yangu. Sikujali. Nilikuwa nimeona kitu nilichokuwa nakipita kila jioni: usiulize unaweza kula nini, uliza ni wapi ukisimama mtu ana mabeseni mawili na khanga moja.

Ijumaa jioni tukacheza mchezo wa mwisho. Sanduku la nguo la mama lilishafungwa na kuwekwa kwenye mlango wa jikoni, na ilibidi niliruke kila nilipoingia. Nilicheza polepole, na kila mara nilitafuta pale pa kusimama. Mara mkongojo ukagonga, nikaingia, na mbele yangu kulikuwa na ngome nzima, nono, imeachwa kwenye kona bila mlinzi. Malkia wangu alikuwa anaitazama moja kwa moja. Mkono ukaondoka wenyewe. Nikaukamata kwa mkono wa pili, nikaukalia.

Nikaukalia kwa muda mrefu. Kisha nikamtazama farasi wangu, ambaye tangu mchezo uanze nilikuwa nimemsahau kabisa. Farasi huruka kwa kupinda, na kulikuwa na chumba kimoja cha ubao ambacho akitua angemgusa mfalme wa mama upande huu na malkia wa mama upande ule. Mfalme lazima akimbie. Khanga ni moja. Nikaangalia tena kama kuna wa kumpiga farasi wangu. Hakuna. Nikamweka, nikasahau hata kukohoa, nikakimbilia jikoni.

Mama aliingia. Mke wangu akachungulia kwenye ufa wa mlango, akaweka mkono mdomoni. Mkongojo haukugonga. Badala yake nikasikia nikiitwa mimi, si kupitia kwa mtu: "Baba, njoo hapa."

Nikasimama mlangoni, macho darini.

"Ngome uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Kwa nini hukuila?"

"Kula si lazima, mama."

Alicheka mpaka akashika goti. Nilisahau heshima nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu harusi, na nikashangaa kuona mke wangu amefanana naye kiasi kile. "Ungeila," akasema, "malkia wako asingetoka kwenye kona ile mpaka Pasaka."

Ningependa kuishia hapo, lakini mama yu hai na atanisuta. Nilimchukua malkia wake, furaha ikanipanda kichwani, na mkono ukarudi Kirumba. Nikala askari huyu, nikala yule, nikaenda mbali kabisa kula wa tatu, na mfalme wangu akafungwa nyumbani kwake na ngome ileile niliyoiacha kwa busara nyingi. Nilishindwa vibaya.

Lakini mama alimwita binti yake akamwambia tiketi irudishwe. "Huyu ameanza kuona," alisema. "Mwanafunzi aliyeanza kuona haachwi katikati."

Akakaa mpaka goti likapona. Siku alipopanda meli, mkongojo aliubeba kwapani kama mwavuli, na mimi nilimbebea sanduku nikitembea kando yake, wala sikupinda. Sasa tunacheza kwa simu. Ananitumia hatua yake kwa ujumbe, naipanga kwenye ubao wangu hapa nyumbani Buswelu, namtumia yangu. Jirani yake alimsimulia mke wangu kwamba mama akishatuma ujumbe hukaa kidogo tu, kisha huinuka na kwenda barazani, akifika mwisho anageuka, anarudi kutazama simu, anatoka tena.

Siku hizi mara nyingi naiona hatua yangu mapema. Naiacha kwanza. Nakunywa chai, nazungukazunguka jikoni, natazama saa. Jana mama alimpigia binti yake kulalamika. "Mumeo amekuwa mzito sana wa kufikiri," alisema, na mke wangu akaniambia alimsikia mama akihema kidogo, kama mtu aliyetoka kutembea.