Papa Kaseti

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ana mtoto anayesoma huku akiyumba kwenye kiti. Kila asubuhi, kabla magari hayajaanza kelele zake, namsikia juu ya dari: ko-ko, ko-ko, mguu wa kiti ukigonga sakafu. Wageni wanaolala kwangu huudhika. Mimi huacha ninachokiandika, na kabla sijajizuia uso wangu unapata moto. Niko Kigali, mtu mzima mwenye funguo za nyumba yake, lakini sauti ile hunirudisha Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa, kwenye nyumba yetu iliyonukia mafuta ya cherehani na mandazi, na kwenye aibu ambayo miaka haijaichakaza.

Kwa sababu sauti ile, kwetu, ilikuwa ya papa, baba yangu.

Papa alikuwa mwalimu wa sayansi. Kwa miaka mingi alifundisha kwa Kifaransa, Kifaransa kilichonyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, na waliosoma kwake wanasema hata chura aliyepasuliwa mezani alionekana mwenye heshima zake papa alipomweleza. Kisha ukaja mwaka ambao shule zote ziliambiwa masomo yawe kwa Kiingereza. Ilipita likizo moja tu katikati. Tuliondoka tukimwacha mwalimu mwenye lugha, tukarudi tukamkuta hana.

Mimi nilikuwa nimeingia kidato cha tatu, mwaka wa mtihani wa taifa, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa yeye. Asubuhi ya kwanza, tukiwa kwenye mistari uwanjani, mkuu wa shule alisema kwamba mwalimu ambaye darasa lake litaanguka atanyang'anywa somo lake na kupewa bustani na michezo. Hakumtaja mtu. Lakini darasa zima liligeuka likanitazama mimi, na mimi nikayatazama matope kwenye viatu vyangu.

Papa alijua njia moja tu ya kukishika kitu cha lugha asiyoijua. Alipokuwa mdogo, madrasani, alikuwa amehifadhi juzuu nzima za Kurani kwa Kiarabu ambacho asingeweza kukitumia hata kuomba maji ya kunywa. Uliandika kwenye ubao, ukaketi, ukayumba mbele na nyuma ukisoma kwa sauti, mpaka maneno yakaacha kuwa ya ubao yakawa ya mwili wako. Basi akafanya vivyo hivyo kwa mapafu, kwa figo, kwa sumaku. Baada ya sala ya alfajiri alishusha ubao wake wa zamani wa madrasa, akaandika juu yake kwa chaki somo la siku kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza, akakaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, akaanza. Ko-ko, ko-ko. Mama, jikoni, alijua mada ya siku kabla ya wanafunzi.

"Leo ni figo," aliniambia akigeuza mandazi. "Figo njo zinamusumbua papa yako. Usiku aliziota."

Jioni kibao kiligeuka. Baada ya chakula tulikaa wawili mezani na kitabu cha sarufi ya Kiingereza, ambayo nayo ilikuwa kwenye mtihani wangu, na papa akaniomba nimuulize vitenzi. Nilimuuliza kwa sauti ya chini sana. Alidhani naogopa kumwamsha mdogo wangu. Nilikuwa naogopa majirani.

Darasani somo lilikwenda vizuri mradi hakuna aliyemkatiza. Papa alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akayumba kidogo sana, na Kiingereza kikatoka mfululizo bila kovu. Wa kwanza kumkatiza alikuwa Fidele, mtoto wa mama aliyevuka mpaka kila siku kwenda kuuza nyanya Bukavu. Fidele aliweza kumwigiza yeyote: padri, polisi wa mpaka, mbuzi mwenye kikohozi. Siku ile, haki ya Mungu, hakuwa na nia mbaya. Tulikuwa kwenye mzunguko wa damu, naye akanyoosha mkono akauliza ni upande gani wa moyo wenye nguvu zaidi.

Papa alinyamaza. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini akiwa safarini, hajui basi limefika wapi. Akafumba macho kutafuta alipoishia. Hakupaona. Kisha akatabasamu, akarudisha mikono nyuma, akaanza tena kutoka neno la kwanza kabisa: moyo ni kiungo cha misuli kilichomo kifuani. Yote. Mpaka akafika pale pale palipokatika, akapita, na jibu la Fidele likawamo ndani yake, mbele kidogo.

Wakati wa mapumziko Fidele alipanda juu ya jiwe.

"Batu, mumeona? Ni kaseti! Ukiikata katikati, inarudiaka ku mwanzo!"

"Papa Kaseti!" akajibu mtu, na jina likazaliwa.

"Zaina," Fidele akanigeukia, mpole kama daktari, "kwenu munamuwekeaka batri za radio ao za torshi?"

Nilicheka. Ndilo lililoniuma baadaye, kwamba nilicheka pamoja nao, kicheko chembamba cha kuwaomba waniache. Hawakuniacha. Siku hizo kila nyumba iliyokuwa na kaseti ilijua kuokoa batri: unaichomeka kalamu ya biki kwenye tundu la kaseti, unaizungusha kwa mkono mpaka wimbo urudi mwanzo. Basi tangu siku ile, mtu akimkatiza papa naye akaanza upya, kalamu ziliinuka nyuma ya darasa, zikazungushwa hewani polepole, bila sauti. Mimi nilikaa karibu na dirisha, mbele, na sikuhitaji kugeuka. Nilizisikia mgongoni.

Ikawa mchezo wa kila somo. Walipokezana. Mwingine aliuliza kama figo zinalala, mwingine kama kuku ana damu ya kundi gani. Papa alinyamaza, akafumba macho, akatabasamu, akarudi mwanzo. Nami nilianza kutembea nyuma yake njiani, mbali kiasi cha kuonekana mtoto wa mtu mwingine. Katika sala zangu nilimwomba Mungu ampe papa malaria; ndogo, nilisisitiza, isiyoua, ya kumlaza mpaka mtihani upite. Malaria ilimpata mama. Nikakoma.

Siku niliyoiweka moyoni kuliko zote ilikuwa siku tuliyorudia mzunguko wa damu. Fidele alimkatiza, papa akarudi mwanzo. Akamkatiza tena palepale, papa akarudi. Alipomkatiza safari nyingine, papa hakuanza. Midomo yake ilifunguka, hakuna kilichotoka. Neno la kwanza lenyewe lilikuwa limemtoroka. Nyuma nilisikia biki zinagongana kwa kicheko kilichozuiwa. Na papa, aliyekuwa hajanitazama darasani tangu mwaka uanze, maana aliogopa kusemwa kwamba ananipendelea, akanigeuzia macho.

Neno lile nililijua. Nilikuwa nimelisikia kupitia ukuta, alfajiri baada ya alfajiri.

Nikageuza uso, nikatazama dirishani. Chini kule ziwa lilikuwa limelala, na ng'ambo yake Bukavu ikimetameta mabati. Nilitazama maji kwa bidii, kama aliyeagizwa ayachunge. Nyuma ya kisogo changu papa alikohoa, akaanza: moyo ni kiungo cha misuli.

Jioni tulikula ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Papa aliondoa vichwa vya samaki, akavipanga pembeni mwa sahani yake kama kawaida, akauliza bila kuinua macho:

"Zaina, leo kulikuwa nini ku ziwa?"

Mama alitutazama, hakuelewa.

"Mtumbwi, Papa," nikasema. "Kulikuwa mtumbwi unapita."

"Mukubwa?"

"Wa kadiri."

"Ah," akasema, na kunisogezea bakuli la sambaza. Hakuuliza tena. Sijui kama nimewahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Wiki chache kabla ya mtihani kulitokea jambo ambalo nililiona kwa macho yangu na nisilione. Mwaka ule shule ilikuwa imepata mwalimu wa Kiingereza kutoka Uganda, Ticha Harriet, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nikipita nyuma ya chumba cha walimu nikiwa na ndoo ya kupigia deki, nikamsikia anabishana na mtu kwa Kiingereza kuhusu sambaza: kwamba wakikaangwa wananoga, mtu yule akisema hapana, wakaushwe kwanza. Mtu yule alieleza, akatania, akakatizwa, akajibu, akakatizwa tena, akamcheka Ticha Harriet naye akacheka. Nilichungulia. Alikuwa papa. Ameegemea ukuta, mguu mmoja juu ya mwingine, hayumbi.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ameyahifadhi na hayo. Nilimwona alfajiri, mbele ya ubao, akihifadhi ubishi wa samaki pamoja na vicheko vyake, na aibu ikanipanda upya. Nikabeba ndoo yangu.

Mchana wa siku hiyohiyo, Fidele alimkatiza katikati ya mapafu. Papa alinyamaza. Akafumba macho. Akarudi mwanzo. Na kalamu zikazunguka.

Mtihani wa sayansi tuliufanyia katika shule nyingine, chini Cyangugu, kwenye ukumbi wenye madirisha marefu. Msimamizi alikuwa mgeni, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilifungua karatasi. Swali refu kuliko yote, lenye alama nyingi, lilitaka tueleze safari ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi.

Nilishika kalamu, na kabla sijafikiri mkono ulikuwa umeanza. Moyo ni kiungo cha misuli. Kiingereza kilinitoka chote, na koma zake, na pale ambapo papa huvuta pumzi nami nikavuta. Nilikuwa nimefika kwenye mapafu niliposikia kitu ukumbini, kitu chepesi, kama mvua inapojaribu bati kabla ya kunyesha. Ko-ko. Ko-ko. Nikainua kichwa.

Darasa letu lote lilikuwa linayumba. Mbele na nyuma, kidogo kidogo, wasichana na wavulana, macho yao yamefumbwa nusu, midomo ikitembea bila sauti. Fidele alikuwa mbele yangu, na mgongo wake ulikwenda na kurudi kama wa mtoto wa madrasa, yeye aliyebatizwa ng'ambo na kuvaa rozari shingoni. Madawati mabovu yalikuwa yakigonga sakafu. Msimamizi alisimama, akavua miwani, akatutazama kama anayetazama abiria wa boti asiyoiona.

"Nyinyi muko na nini?" akauliza.

Tuliendelea kuyumba. Kama tungekatizwa, tungelazimika kurudi mwanzo.

Tulifaulu. Si wote, lakini wengi kuliko alivyotarajia mkuu wa shule, ambaye alimwachia papa sayansi yake na bustani ikapewa mtu mwingine. Siku matokeo yalipobandikwa Fidele alikuja kwetu na kikapu cha nyanya. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na cha kuigiza.

"Mwalimu, maman anakusalimia," akasema, akiangalia miguu yake.

"Karibu ndani, Fidele. Upande wenye nguvu ni gani?"

"Ni kushoto, Mwalimu."

"Basi kula mandazi."

Ilinichukua miaka kuyaweka pamoja yale mambo mawili: mtu aliyeegemea ukuta akicheka kwa Kiingereza, na mtu aliyefumba macho mchana wa siku ileile asijue alipofika. Nilikuwa tayari mwandishi, nikijivuna kwamba naona wanavyofikiri watu ambao hawapo, nilipojiuliza kwa nini mtu awezaye kubishana juu ya samaki ashindwe kuendelea na mapafu. Mwanzoni mwa mwaka alirudi mwanzo kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Lakini mwishoni? Nafikiri alikuwa ameona kitu ambacho sisi tuliokuwa tukizungusha kalamu hatukukiona: kwamba kila tukimrudisha, tunasikia tena. Nafikiri alihesabu kuwa heshima yake ni bei anayoweza kuilipa. Aliilipa mbele ya mtoto wake, ambaye alikuwa akitazama maji.

Nasema nafikiri, kwa sababu nilimuuliza mara moja tu. Amestaafu sasa. Nilikwenda kumtembelea Kamembe, tukakaa nje kwenye kibaraza, yeye kwenye kiti kile chenye mguu mfupi, ambacho amekataa kitengenezwe. Mama alikuwa amelala. Chini yetu ziwa lilikuwa tupu na jeupe kwa jua.

"Papa," nikasema, "ule mwaka wa mtihani wetu. Wiki za mwisho. Ulikuwa unasahau kweli?"

Kiti kiliacha kugonga. Papa aligeuza uso, akatazama maji, akayatazama kwa muda mrefu, kwa bidii, na masikio yangu yakaanza kuwaka moto kama ya msichana wa kidato cha tatu.

"Kuko mtumbwi unapita pale," akasema.

Nilitazama. Hapakuwa na kitu.

"Mukubwa?" nikauliza.

"Wa kadiri," akasema papa.