Uzi Usiopigwa Fundo

Mshono ukifika mwisho unarudi nyuma hatua mbili, unapiga fundo, unakata. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa Tanga nikiwa kigoli, na hivyo ndivyo ninavyofanya hapa Berea, Johannesburg, katika chumba ninachokigawa kwa pazia: huku cherehani, huku kitanda. Nguo yangu haijawahi kumwachia mtu njiani. Mkono wangu unafunga fundo bila kuniuliza, hata nikiwa nafikiria bei ya nyanya. Nasema mapema ili mtu asije akaniita mzembe, tutakosana.

Bibi wa Kijapani alikuja kwangu mara ya kwanza na kimono iliyochanika bitana. Alikaa Sandton na mumewe, aliyeletwa Johannesburg na kazi ya kampuni, akastaafu, wakabaki. Nje ya kazi mzee huyo alicheza kabuki, michezo ya zamani ya jukwaani ya kwao, ambayo wanaume ndio wanaocheza hata nafasi za wanawake, uso umepakwa mweupe pe. Siku ya kwanza nilipomwona katika mavazi ya msichana niliangalia pembeni kwa haya. Halafu akageuza shingo, mara moja tu. Loo! Mie mwanamke mzima, mwenye watoto, sijawahi kugeuza shingo namna ile.

Ngoma yake kubwa ilikuwa ya msichana anayebadilika nguo mbele za watu. Amevaa kimono nyekundu, anacheza, na ghafla nyekundu haipo, amesimama ndani ya buluu. Siri yake ni uzi. Kimono ya juu imeshikizwa kwa nyuzi nene sita, mabegani, mikononi na ubavuni. Upande mmoja wa kila uzi una ushanga wa kushikia, upande wa pili hauna kitu, umeachwa wazi. Nyuma ya mchezaji anapiga magoti mtu aliyevaa nyeusi mpaka usoni. Watazamaji wanamwona, ila wamekubaliana kwamba hayupo. Yeye ndiye anayechomoa nyuzi moja moja huku mwenzake akicheza, kisha ngoma ikipigwa kishindo anaivuta nguo yote.

Miaka arobaini mtu wa nguo nyeusi alikuwa bibi mwenyewe. Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Mzee naye magoti yamekwisha, akasema atacheza mara moja ya mwisho, Jumapili mchana, katika ukumbi mdogo, basi. Bibi akaja Berea kwa gari, akapandishwa ngazi zetu na dereva maana lifti yetu ni pambo, akaketi kwenye stuli yangu. Tulikuwa tukiongea Kiingereza chetu cha kuungaunga.

Akaniambia, "Sijawahi kuiona ile nguo ikibadilika. Siku zote niko mgongoni kwake, naivuta mimi. Nataka niione kutoka mbele, mara moja tu."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nguo nyeusi mpaka usoni haikunitisha, mie niliyekulia ndani ya buibui. Kilichonitisha ni ile mara moja.

Kwa miezi miwili nilikwenda Sandton kila Jumamosi. Bibi alikaa kwenye kiti cha magurudumu akipiga mdundo kwa mkono wa kushoto, mie nikipiga magoti nyuma ya mumewe, nikijifunza kuvuta uzi bila bega langu kutikisika. Alikuwa mkali, wallahi. Nikichelewa kidogo tu anagonga kiti, tunaanza upya. Jambo alilolirudia mpaka likanichosha ni hilo la fundo. Uzi huu unashonwa ili utoke, usiufunge. Nikamjibu ndiyo bibi, nimesikia bibi, huku nikijisemea moyoni kwamba mimi si mtoto.

Alhamisi nilishikiza nyuzi hizo chumbani kwangu. Nilikuwa kwenye mkono wa kulia wa kimono alipoingia jirani yangu Mkongo, mama wa kwaya, na sare yake ya kanisani. Anadai nimembana kiunoni. Nikamwambia kiuno ndicho kilichoongezeka tangu nimpime, akacheka, akabisha, tukavutana pale nusu saa, sindano ikiwa inakwenda. Alipoondoka nikakunja kazi, nikaifunga ndani ya kitambaa.

Jumapili, njiani, gari likiwa limesimama kwenye robot, taa za barabarani, ndipo wazo liliponiingia. Ule mkono wa kulia niliumaliza vipi?

Nikajaribu kukumbuka. Nikaona kiuno cha mama wa kwaya, nikaona mdomo wake ukicheka, lakini vidole vyangu sikuviona. Nikajituliza, nikasema nikifika nitaikagua. Kufika, nikakuta mzee keshavishwa na wanafunzi wake, keshafungwa mkanda mpana, amekaa mbele ya kioo kimya, macho chini. Hapo haguswi wala hasemeshwi na mtu, nilishaambiwa. Mkono wa nguo umelala pajani kwake, ushanga naona, mwisho wa uzi umejificha kwapani.

Ningesema. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema. Bibi alikuwa pale mlangoni, amevaa kimono ya kijivu, nywele zimetengenezwa, anasubiri kusukumwa kwenda mstari wa mbele. Akanitazama, akatabasamu kama bibi harusi. Kiburi kikanifunga mdomo, na woga pia. Nikajifunika kitambaa changu cheusi.

Ngoma ikaanza, muziki ukitoka kwenye mashine, kwa hiyo hakuna wa kumwambia asubiri. Mzee akacheza. Magoti yale yale yaliyokuwa yakilia kila Jumamosi, sijui aliyapeleka wapi. Nikatoa uzi wa bega la kushoto, ukaja laini. Bega la kulia, ukaja. Ubavuni, mbili. Mkono wa kushoto, ukaja. Nikashika ushanga wa mkono wa kulia, nikavuta, uzi ukatoka urefu wa kidole, ukagoma.

Nikavuta tena. Fundo. Fundo langu mwenyewe, zuri, la Tanga.

Mkasi sina, hauruhusiwi jukwaani. Nilihesabu mdundo, imebaki minne. Mzee alihisi, akaurefusha mkono wake pembeni kidogo kuliko siku zote, akaniachia nafasi. Nikainua kitambaa cha usoni, nikaingiza kichwa changu chini ya kwapa la mzee wa watu mbele ya ukumbi mzima, nikatafuta fundo kwa ulimi, nikalikata kwa meno kama ninavyokata nyuzi maisha yangu yote. Kishindo kikapigwa. Nikavuta. Nyekundu ikanijia yote mikononi, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Nyuma ya jukwaa nilikaa chini, nguo nyekundu mapajani. Mzee alikuja akihema, rangi nyeupe inamtiririka shingoni, anacheka. Akaniambia meno yangu ni mazima sana. Nikadhani basi, Mungu amenisitiri.

Kisha bibi akasukumwa ndani. Nikasimama, nikaanza kuomba radhi, nikaeleza habari za mama wa kwaya na kiuno chake. Akaninyamazisha kwa mkono ule wa kushoto. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Niliona mkono wako umesimama, nikajua ni fundo," akasema. "Nikawa natazama mkono wako tu. Nilipokumbuka kumtazama yeye, alikuwa ameshakuwa buluu."

Nililia, sifichi. Mzee alimwangalia mkewe, halafu akapeleka mikono kwenye mkanda aanze kuvua.

Nikamwambia asivue.

Nilitoa sindano kwenye ukosi wangu, haikosekani hapo. Nikamvisha nyekundu tena juu ya buluu, nikapiga magoti, nikaanza na bega la kushoto. Mlinzi wa ukumbi alikuja mara mbili kutaka kufunga. Mara ya pili nilimjua kwa lafudhi kuwa ni wa Lubumbashi, nikamwomba kwa Kiswahili atuvumilie, akaenda zake akinung'unika. Bibi alisogezwa mbele kabisa, hatua tatu kutoka kwa mumewe. Nilishona uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila nilipofika mwisho vidole vilitaka kurudi nyuma hatua mbili. Nikaviondoa. Nikaacha uzi wazi.