Pilipili Kwenye Kucha za Mbithe

Mbithe, jirani yangu hapa Kitengela, alikula kucha tangu utotoni. Mwaka wa 2003 alipata kazi ya kusuka nywele kwa saluni ya Mugure. Mugure akamwambia wazi: "Msusi bila kucha atapasua mistari na nini? Nakupea mwezi mmoja ziote."

Nikamwonyesha shubiri, ule utomvu mchungu tunaopaka titi tukiachisha mtoto kunyonya. Asubuhi apake hiyo, jioni mafuta, na ncha ikikwaruza aikate, asiing'ate. Wiki tatu kucha zikaota, safi kabisa.

Halafu akapewa bibi harusi amsuke. Woga ukamshika asije akazitafuna, na bila kuniuliza akasugua pilipili juu ya shubiri.

Mistari minne tu, bibi harusi akaruka. "Uui! Kichwa inaungua!"

"Nilinawa, dada, haki ya Mungu!" Mbithe akalia. Pilipili itoke na maji baridi, wapi!

Mugure hakupiga kelele. Alimpa Mbithe kitana chake, akamfungulia mlango aende zake.

Nilimkuta kwake ameketi kitandani, vidole mdomoni, damu inatoka.

"Mama Celine, wacha tu," akasema. "Sasa nazitunzia nani?"

Nikararua kipande cha leso yangu, nikamfunga vidole kimoja kimoja.